Usiwaulize Kama Wamepona

Mjukuu wangu Nassor,

Shikamoo yako imefika huku Michenzani, marahaba. Sote tuko salama, ila maji hayapandi tena ghorofa ya tano. Bibi yako anayapandisha ndoo kwa ndoo.

Unaniuliza kama umkubalie huyo daktari wa Dubai akufyonze mafuta ya tumbo, atoe seli humo, akuchome nazo sindano kwenye kano ya kisigino iliyochanika. Eti wagonjwa wake wote wanasema wamepona. Hapo ndipo damu iliponichemka.

Nilipokuwa mchumaji karafuu Kizimbani nilianguka mtini, nikachanika kano hiyo hiyo. Mzee Faki, fundi wa kuchua, alinikanda kwa mafuta ya mkia wa kondoo siku arubaini. Kano haikushika. Lakini kila aliyeniuliza, "Vipi mguu?" nilimjibu, "Alhamdulillah, mzima," kama tunavyojibu sote hata homa ikiwa juu. Faki naye akapita akijisifu: "Kamuulizeni Seif!" Rafiki yangu Juma, naye kaumia mguu, akaja kuniuliza, nikamjibu vilevile, akaenda kwa Faki. Mpaka leo anachechemea, wala hajanilaumu. Faki namkasirikia, lakini ulimi wangu naukasirikia zaidi.

Sisemi dawa hiyo ni uongo. Sijui, na nina shaka kama daktari wako anajua. Lakini wagonjwa wake usiwaulize kitu. Wapeleke kwenye ngazi, uwatazame wakipanda.

Na ukitaka kujua mguu wangu u hali gani, maji anabeba bibi yako.

Babu yako,
Seif