Ukuta wa Maji kwenye Chumba cha Malalamiko

Jumatatu, 4 Machi

Tumepata kazi. Kampuni ya nyumba za kupanga inataka ukuta wa maji. Si kule mbele wanakopokelewa wageni wa suti — chumba cha nyuma, wanakosubiri wapangaji wenye malalamiko. Meneja anasema wanafika wamefura, wanagonga meza, na makarani wawili wameshaacha kazi. Anataka utulivu. Nadhani neno hilo amelitaja mara kumi na moja. Nimeshampa jina: Bwana Utulivu.

Kaka aliitikia kila kitu. Yeye ndiye mwenye kampuni yetu, mimi ndiye mwenye spana. Hawa wana ofisi nyingine sita. Wakiipenda hii, zote zetu.

Niliuliza wapangaji wanalalamikia nini hasa.

Mara nyingi kuvuja, akasema meneja.

Kaka akanikanyaga mguu chini ya meza. Na wala sikuwa nimecheka!

Alhamisi, 7 Machi

Kioo cheusi, urefu mita tatu. Maji yanateleza mbele yake, yanaingia kwenye kokoto, pampu inayarudisha juu. Watu hudhani kazi ni maji. Kazi ni sauti. Yakidondoka kwa nguvu, chumba kinakuwa bafu na kila mtu anaulizia choo. Yakiwa kidogo mno — unasikia koki mbovu ya jirani. Nimepanga kokoto moja moja, nimepiga magoti tangu asubuhi, mpaka yakaanza kunong'ona.

Karani wa dirishani alikuwa ananitazama. Dada mpole, sauti nyembamba. Akasema hajawahi kuona mtu anapanga mawe kwa masikio. Maneno hayo yalinifurahisha.

Jumatatu, 11 Machi

Ukuta umefunguliwa. Unafanya kazi kuliko nilivyotarajia.

Bwana mmoja aliingia na kipande cha dari mkononi, ushahidi, tayari kwa vita. Akakaa. Dakika kumi baadaye kipande kimelala mapajani mwake, naye ametoa macho kwenye maji kama anayetazama televisheni. Meneja alichungulia mlangoni akaninyooshea dole gumba.

Mama mmoja wa makamo, ana bahasha ya kaki, amekaa kiti cha mbele kabisa. Fundi cherehani. Akaniuliza kama maji haya ni mapya kila siku. Nikamwambia ni yale yale, yanazunguka. Akacheka — hata mimi hapa, akasema, ni yule yule ninazunguka. Mara ya nne hii anakuja.

Jumatano, 13 Machi

Nilienda kusafisha chujio. Fundi cherehani yupo, kiti kile kile.

Nilikuwa nimeinama karibu na dirisha nikamsikia karani akiita: "Nyumba namba kumi na nne!" Mara tatu. Hakuna aliyeinuka. Fomu ikawekwa chini kabisa ya rundo.

Baada ya muda fundi cherehani akanigusa bega. Kwani leo hawaiti watu?

Nikamuuliza nyumba yake namba ngapi.

Kumi na nne.

Nilienda dirishani. Karani akasema ndiyo utaratibu, ukiitwa mara tatu usipoitika unarudi siku nyingine. Alisema huku anaangalia kalamu yake. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba tangu maji yafunguliwe wanaokosa kuitika wamekuwa wengi, wazee hasa, na yeye koo lake ndilo hilo Mungu alilompa.

Nikapanda kwa meneja. Nikamweleza: sauti ya maji inafunika sauti ya karani. Nipunguze, au waweke kipaza sauti, au ubao wa namba. Mambo madogo tu.

Alinisikiliza vizuri sana. Akasema tangu Jumatatu malalamiko yamepungua zaidi ya nusu na wakubwa wamefurahi. Jumanne wanakuja kuona chumba. Nisiguse kitu. Tena ikiwezekana, niongeze kidogo.

Nilisema sawa. Nilishuka ngazi. Nikamaliza chujio.

Jumapili, 17 Machi

Nimekwenda kwa fundi cherehani. Sijui kwa nini. Alinielekeza nyumba mwenyewe Jumatano ile, nami nilikuwa sina la kufanya.

Chumba kimoja na sebule. Sebuleni cherehani mbili, vitambaa vimefunikwa nailoni. Chumbani dari limefanya tumbo. Tumbo kabisa, kama la mjamzito wa miezi tisa, na chini yake kitanda cha mjukuu wake wa kike wa miaka mitano. Wamekisogeza ukutani, lakini tumbo nalo limekifuata. Nilipanda kiti nikabonyeza kwa kidole. Laini, kama mkate uliolowa.

Bomba limepasuka nyumba ya juu. Nyumba ya juu imefungwa, haina mpangaji, funguo ziko ofisini. Nimekuwa fundi bomba miaka kumi na tisa, na bomba lenyewe silifikii!

Nikamwambia mtoto asilale humu. Hakusikia. Nikarudia kwa kupayuka. Akaniomba radhi: masikio yake aliyaacha kiwandani, miaka thelathini katikati ya mashine za kushonea. Mtoto atalala sebuleni, akasema, chini ya meza ya kukatia.

Akanitengenezea chai. Akasema ile ofisi inamchosha ila maji yangu ni mazuri mno. Akikaa mbele yake hasira zote zinamwisha, anarudi nyumbani mwepesi.

Nilikunywa chai yote. Ilikuwa ya moto, nikajiunguza ulimi.

Jumatatu, 18 Machi

Nimemwambia Kaka. Amenisikiliza akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. "Mdogo wangu, sisi ni watu wa mapambo. Dari si letu." Akauliza kama nimeshaongeza maji kwa ajili ya kesho.

Nimeongeza.

Jumanne, 19 Machi

Saa tano na nusu. Ninaandika garini, nyuma ya ofisi, nje ya chumba kile.

Wakubwa walifika saa nne. Watatu. Walisimama nyuma ya viti, mikono nyuma, kama watu wanaoangalia maonyesho. Bwana Utulivu anaeleza. Kaka pembeni, anatabasamu. Fundi cherehani kiti cha mbele na bahasha yake. Chumba kimejaa, hakuna anayelalamika. Kwa kweli kilipendeza. Kazi yangu ilipendeza.

Karani akafungua dirisha. Nikaona midomo yake ikisema kumi na nne. Sauti hata mimi sikuisikia. Akasema tena. Kisha akaniangalia — mimi, si chumba — na hakusema mara ya tatu. Akangoja.

Swichi iko nyuma ya kioo, chini, kulia. Nikazima.

Sikujua kimya kinaweza kuwa kikubwa hivyo. Watu waligutuka kama walioamshwa. Na ule wembamba wote wa sauti ya karani ukajaa chumba: "Nyumba namba kumi na nne!"

Fundi cherehani alikuwa anaangalia kioo kikavu. Akaniuliza mbona nimeyazima, yameharibika? Nikamwambia unaitwa, mama. Nenda. Akashtuka, bahasha ikaanguka, akaiokota, akaenda.

Hapo bwana mmoja aliyekaa viti vya nyuma akasema kwa nguvu, kwa nini wanaitwa kwa kunong'onezwa? Mwingine akasema yeye amekosa mara mbili. Kisha wote kwa pamoja. Meneja akanigeukia. Hakutaja utulivu. Kaka akanishika mkono juu ya kiwiko, akanitoa nje mwenyewe, akaniambia nikae garini, nisitoke. Hajawahi kunishika hivyo tangu tukiwa watoto.

Namwona kupitia kioo cha ofisi. Anaongea na wakubwa, anasugua viganja. Sasa anainama, chini, kulia.

Maji yameanza kushuka tena. Mengi, kama nilivyoyaacha jana.

Fundi cherehani bado yuko dirishani. Ameweka kiganja nyuma ya sikio, kichwa kimegusa kioo. Karani anarudia jambo. Anarudia tena. Mama anatikisa kichwa, hasikii.

Nimefungua mlango wa gari. Narudi ndani.