Kurasa Zilizolala Juu ya Kabati

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na baba naye mfikishie shikamoo yake, ila umpe akiwa amekaa, maana goti lile halipendi aitikie akiwa wima. Mimi huku sijambo, nakula vizuri, nalala vizuri, na nguo nafua kila Jumamosi kabla hujauliza. Presha yako je, imetulia? Kaka ameniambia umeanza tena kupanda ngazi mbili mbili. Nimefurahi, lakini mama, moja moja zinatosha.

Barua hii nimeiweka juu ya kompyuta makusudi, uisome kabla hujaifunua mashine niliyokuzawadia. Usinune kwanza. Najua ulimwambia baba ampe mjukuu wako achezee, ukasema wewe na mashine hamuivi chungu kimoja. Baba akakubali kwa mdomo, si unamjua. Alipokuja huku kupimwa macho akaitoa kwenye begi lake la nguo, bado imefungwa kwenye lile taulo la njano kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Ndipo akanieleza kisa chote. Kwamba kwa miezi minne umekuwa ukiandika kitabu chako cha ukunga, kila siku baada ya chakula cha mchana, kisha unaifunika mashine unakwenda kumwagilia mboga. Na kwamba siku nyingine ukirudi unakuta kioo cheusi tii, taa inawaka, feni inavuma, na ubonyeze upendavyo, hakuna kinachojibu. Unaizima kwa nguvu, na ikiwaka imesahau kila kitu. Mara ya mwisho ilimeza kurasa kumi na moja. Baba anasema ulilia, na kwamba hajakuona ukilia tangu siku ulipoagwa hospitalini ukistaafu. Ukasema vidole vilivyopokea watoto elfu mbili vimezeeka, sasa vinaua mashine. Ukaipandisha juu ya kabati, na kitabu kikaishia hapo.

Mama, niliumia. Nikaapa kwamba mashine ile haitoki karakana yetu ya kompyuta mpaka ipone.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Kompyuta yako ukiifunika hulala usingizi mzito. Kabla ya kulala huandika kwenye diski kila inachokumbuka, halafu huzima umeme wote. Ikiamka husoma ilichoandika, ikaendelea pale ilipoishia. Shida ni viungo vyake, kioo, kibodi, redio ya intaneti, maana kila kimoja lazima kiamshwe. Na wa kusema nani yuko macho na nani kalala ni programu ndogo iliyowekwa kwenye bodi tangu kiwandani. Mfumo unaoendesha mashine nzima unaiuliza kuhusu kioo, nayo inajibu kwamba kioo kiko macho tangu zamani. Mfumo unaamini, unapita. Kumbe kioo kimelala fofofo! Basi wewe unakingoja kioo, na kioo kinangoja kuamshwa.

Mwenzangu wa karakana, tunayemwita Miwani kwa sababu huvaa mbili, moja machoni na nyingine kichwani, aliitazama siku moja tu akasema mashine haina mkosi, ina mwongo ndani. Tukahangaika na huyo mwongo siku tisa. Tulimuuliza mara mbili mbili, tukampa muda wa kufikiri, wapi! Leo anasema kweli, kesho anakuzuga. Miwani akashauri tuufute huo usingizi kabisa, mashine isilale tena. Nikakataa, maana bila usingizi betri ile haimalizi hata mchana mmoja, na umeme wa kwenu naujua.

Siku ya kumi nilikuwa nakunywa chai nikakumbuka usingizi wetu wa mchana. Ukitoka zamu ya asubuhi ulikuwa ukitulaza sisi wanne, halafu unauliza kutoka jikoni kama wote wamelala. Kazi ya kujibu ulinipa mimi, eti nina uso usiojua uongo. Nami najibu ndiyo mama, wote, huku kaka ana mguu mmoja dirishani na dada keshafika uwanjani. Ulitukamata siku moja tu, na tangu hapo hukuuliza tena. Ulikuwa unaingia kimyakimya, unapita kitanda hadi kitanda, unashika nyayo. Unyayo ukijikunja, huyo yuko macho, na ole wake!

Nilitua kikombe nikapiga ukelele mpaka karakana nzima ikageuka. Miwani akasema sasa anaelewa kwa nini kwetu naitwa Kelele. Tusiulize, nikamwambia, tushike nyayo! Tukaandika upya kipande kile cha mfumo. Sasa mashine ikiamka haimsikilizi mtu. Inapita kiungo kwa kiungo, inazima kila kimoja hata kama kimesemwa kiko macho, kisha inakiwasha yenyewe. Ni mistari kumi na minne tu. Tumeilaza na kuiamsha mara mia mbili, Miwani akichora vijiti ukutani, na haikukwama hata mara moja. Kijiti cha mia mbili kilipochorwa alicheza katikati ya karakana, miwani ya kichwani ikadondoka akaikanyaga, na bado akaendelea kucheza. Kazi hiyo tumewatumia wanaotunza mfumo, wameipokea kwa mikono miwili, na kila mwenye mashine kama yako ataipata. Kwenye maelezo niliandika kwamba njia hii nimefundishwa na mkunga.

Sasa mama, kaa chini kidogo. Kuna jambo nimekuficha. Uliponipigia simu mara ya kwanza kuhusu kile kioo cheusi nilikujibu kwamba huenda umebonyeza kitu. Jioni ileile nilitafuta habari, nikakuta watu chungu nzima wenye mashine ya aina ile wanalia kilio chako. Nilijua, mama. Ni mimi niliyeichagua, tena Miwani alinionya, ila rangi yake ilinipendeza. Na ni mimi niliyeipanga ilale ukiifunika. Niliona aibu kukiri kwamba zawadi yangu ni mbovu, nikakubebesha wewe lawama, nawe miezi yote ukadhani umezeeka. Vidole vyako havikukosea hata siku moja. Yule mwongo wa kwenye bodi na mimi ni mtu na ndugu yake. Nisamehe.

Lakini sikiliza! Kususa kwako kumetuokoa. Kumbukumbu za usingizi ule wa mwisho zilibaki kwenye diski, na kwa kuwa uliifunga taulo ukakataa hata kuigusa, hakuna kilichoandikwa juu yake. Ungekuwa mvumilivu ungezifuta mwenyewe. Tulinakili diski kabla ya kuanza majaribio, na kurasa zako kumi na moja tumezitoa zote, mama, hazijapungua hata nukta! Nimezichapa, ziko chini ya mashine.

Niliapa nisizisome. Nimesoma ukurasa wa mwisho. Umeandika juu ya uzazi wako mwenyewe, ule wa tatu. Kwamba mtoto alitoka kimya. Kwamba mkunga mwenzako alikwambia huyu hayupo, pumzika. Kwamba hukumwamini, ukanyoosha mkono ukamshika unyayo, na... Basi! Hapo ndipo ulipofunika ukaenda kumwagilia mboga. Mama! Mboga!

Wa tatu ni mimi. Miaka thelathini na minne nakuuliza kwa nini uliniita Kelele, na jibu lako ni kucheka tu. Nilisoma mstari ule nikiwa nimesimama, nikakaa sakafuni, nikacheka na kulia pamoja, Miwani akaniletea maji.

Iwashe mashine, mama. Nimeilaza ikiwa kwenye ukurasa huohuo, itaamkia pale pale ulipoishia. Jibu la jina langu nataka kulisoma kwa mkono wako.

Wasalimie kaka na dada, na baba mwambie ahsante kwa wizi wake. Mboga zingoje leo.

Mwanao akupendaye,
Kelele