Rehani Haisemewi Aksanti

Jumatatu, 14 Machi 1955

Leo somo la bustani. Masere Hildegonde, mtawa anayetufundisha, alisimama mbele yetu na kisu kidogo na fimbo ya muhogo, akasema tutajifunza bouture, kupanda kwa kijiti. Darasa zima tukacheka! Régina akainua mkono, akasema kwa adabu: Masere, kwetu hata kichaa anajua kupanda muhogo. Masere naye akacheka, akawa mwekundu mpaka shingoni.

Halafu akauliza: huu mti mpya ni nani? Tukajibu kwa sauti moja: ni mtoto wa ule wa zamani. Akasema hapana. Mtoto hutoka katika mbegu. Kijiti kilichokatwa si mtoto — ni mti uleule, umehamia mahali pengine tu.

Sikucheka tena. Muhogo ulio nyuma ya jiko letu, mama aliuleta kutoka Wamaza siku alipoolewa. Huko aliupata kwa mama yake. Na yule kwa nani? Basi sombe ninayotwanga kila jioni ni majani ya mti mmoja ambao haujafa bado! Leo nilitwanga polepole. Mama akauliza kama ninaumwa.

Jumatano, 16 Machi

Nilimweleza Bibi Mwamvita habari ya bouture. Ni jirani yetu, migomba tu inatutenga. Sisi Wakristo, wao Waislamu, lakini moto tunaombana na chumvi pia. Macho yake yana ukungu siku hizi. Anajua watu kwa hatua zao na kwa harufu. Mimi ananiita mutoto wa masere, kwa ajili ya sabuni ya shule.

Hakushangaa hata kidogo. Akasema: "Masere yenu amechelewa." Akanishika mkono, akanipeleka kwenye rehani yake, ule mmea wa harufu ulio karibu na mlango wa jiko, akaipapasa kichwa kama kichwa cha mtoto. "Hii iko ya bibi yangu, kule Nyangwe. Si mutoto yake. Ni yenyewe."

Mama yake Bibi Mwamvita alikata kitawi kama kidole, akakichomeka katika kipande cha shina la mgomba kilichojaa maji, akaja nacho kwa miguu mpaka hapa Kasongo. Alikishika mbele yake njia nzima, kama mtu anayebeba taa.

Niliuliza kwa nini hapandi mbegu. Hakuna mbegu. Ua likitokea tu, analikata kwa ukucha, maana rehani ikizaa majani yake yanakuwa machungu. Na rehani za nyumba nyingine? "Zile? Zinanuka sabuni. Kama weye."

Feza, mjukuu wake, alikuwa anapika samaki wa Lualaba kwa mawese. Chungu kiliposhushwa, Bibi akadondosha majani matatu juu. Si kabla ya hapo, alisema, ukiyachemsha umeyaua. Harufu ile! Nilifumba macho. Kitawi kingine kinaning'inia shingoni mwa mtungi wa maji ya kunywa, ncha yake ndani ya maji. Kingine Feza anakiweka nyuma ya sikio. Mtoto mchanga wa nyumba hii huoshwa kwa maji yake. Bibi arusi husukwa nacho nywele. Na maiti — Bibi alisema bila kushusha sauti — huwekewa kitawi kifuani, chini ya sanda. Mama yake aliwekewa. Yeye pia amewaagiza.

Feza ataolewa Ijumaa ya tarehe 22 Aprili, kabla ya Ramadhani. Basi kitawi cha mwili uleule uliokuwa kwenye nywele za bibi ya Bibi kitakuwa kwenye nywele za Feza. Nilirudi nyumbani kama ninayetoka kanisani.

Ijumaa, 18 Machi

Nimeaibika sana. Naandika haraka.

Jana usiku nilijipa moyo, na leo baada ya shule nikamwomba Bibi kitawi kimoja, nikipande kwetu. Alifikiri kidogo. Akakata. Hakunipa mkononi, alikiweka chini, juu ya udongo, akageuza uso. Nikainama, nikakiokota, nikapiga goti kama tulivyofundishwa, nikasema: "Aksanti sana, Bibi."

Lo! Akageuka kama aliyechomwa. "Umesema nini?" Akanyoosha mkono, akakichukua. "Rehani haisemewi aksanti! Ukiisemea aksanti inajua imepewa mugeni. Haishiki." Akakitupa chunguni. "Basi. Tutaikula."

Feza alicheka mpaka akashika mbavu. Mama Fatuma, mama yake, akasema niachwe, ni shule inayonifanya niseme aksanti hata kwa mlango. Nikatoka mbio. Nilikuwa nalia, sikutaka waone.

Nani amewahi kuadhibiwa kwa kushukuru?

Jumamosi, 19 Machi

Haipo tena.

Mbuzi wa jirani mwingine, mzee Abdallah, waliingia uani kwa Bibi alfajiri. Waliila rehani yote, wakaing'oa na shina. Mizizi ilikuwa juani, imekauka kama nywele za kizee. Mama Fatuma alikuwa anamgombeza Feza: wewe ndiwe uliyeacha mlango wa ua wazi, kichwa chako kimekwisha kwenda kwa mume! Feza anaapa si yeye.

Si yeye. Ni mimi. Jana nilipotoka mbio sikufunga ule mlango wa fito. Najua kwa hakika, maana ukifungwa unalia, nao haukulia.

Nilisimama na daftari langu mkononi nikasikia Feza akigombezwa.

Bibi alikuwa ameketi mahali palepale penye shimo. Anapapasa udongo. Hakulia. Ingekuwa afadhali alie.

Jumapili, 20 Machi

Wakati wa Misa nilifikiri jambo moja tu. Mti uleule! Kama kijiti ni mti wenyewe, basi rehani haijafa mpaka kitawi cha mwisho kife. Na viko viwili: cha mtungini na cha sikioni kwa Feza!

Nilikwenda moja kwa moja, na viatu vya kanisani. Nikamwambia Bibi nataka kujaribu. Akavikusanya vyote viwili, akaviweka chini, akageuza uso. Nikaokota. Niliuma ulimi wangu hadi ukaniuma kweli. Sikusema kitu. Sikupiga goti. Kama mama angekuwepo, angesema sina adabu.

Safari hii nilifunga mlango. Ukalia.

Nimekata chini ya fundo kama Masere alivyoonyesha, nimeondoa majani ya chini. Cha Feza kiko katika kopo la mchanga mbichi. Cha mtungini kiko katika chupa ya maji, kivulini. Ee Mungu, wewe unajua kwa nini naomba.

Alhamisi, 24 Machi

Cha Feza kimeoza. Cheusi.

Jumamosi, 26 Machi

Hakuna kitu. Nimebadili maji.

Jumanne, 29 Machi

Mizizi!!

Niliinua chupa kwenye mwanga kabla ya kwenda shule. Mwanzoni nilidhani ni uzi wa nguo yangu. Halafu nikaona ni mitatu, myeupe, myembamba kuliko nywele, imetoka kwenye kijiti ambacho jana kilikuwa laini kabisa. Hakuna aliyekifundisha. Kimekatwa, kimening'inizwa kwenye mtungi, kimenyweshwa maji ya watu, nacho kimekumbuka kuwa ni mti.

Nilikaa chini sakafuni. Nilichelewa shule. Masere aliniuliza sababu, nikasema mizizi, akaniangalia, hakuniadhibu.

Sasa lazima niseme lile lingine. Siwezi kumpelekea Bibi mizizi na kumwachia Feza kosa langu.

Jumapili ya Matawi, 3 Aprili

Padri amebariki makuti yetu. Njia nzima ilikuwa kijani, watu wote mikono juu, nami nilifikiri: tunafanya yaleyale! Tawi, na maji, na maneno.

Nilikwenda kwa Bibi na kuti mkono mmoja, na kopo mkono mwingine. Rehani iko katika udongo sasa, imesimama. Aliuliza kuti ni la nini. Nikasema tunaliweka juu ya mlango, mwakani linachomwa, majivu yanapakwa kwenye paji la uso. "Kumbe nanyi," akasema, akaonekana ameridhika.

Nikaweka kopo chini. Kabla hajaligusa nikasema yote. Mlango, kilio changu, mbuzi, Feza kugombezwa bure. Mama Fatuma alikuwepo, Feza pia. Sauti yangu ilikuwa ndogo kama ya panya.

Bibi akasema: "Nilijua."

Alisikia siku ile kwamba mlango haukulia. Alilala pale kitandani akajiambia ainuke aufunge, magoti yakakataa, akasema atafunga kesho. "Weye uliuacha wazi, miye nilivivia. Tugawane."

Feza akanifinya sikio. Kwa nguvu kweli! Akasema: siku mbili nimelala na njaa ya hasira kwa ajili yako, mutoto wa masere, arusi yangu utachota maji peke yako. Halafu akacheka.

Bibi akapapasa kopo, akapata jani, akalisugua, akanusa. Uso wake... Sijui kuuandika. Ulikuwa uso wa msichana. Akasema nirudi nayo kwetu, imezoea mkono wangu, niilete siku ya arusi.

Jumatatu ya Pasaka, 11 Aprili

Bibi ana homa na kikohozi tangu Alhamisi Kuu. Hanywi uji. Mvua kila siku. Nilimpelekea mchaichai, mama alitia asali. Alikunywa vikombe viwili vidogo, akauliza rehani ina majani mangapi. Nane. Na kichwa? Kimoja.

Ijumaa, 15 Aprili

Kikohozi kimeshuka kifuani. Mganga wa dispensari alikuja, akatoa vidonge, akasema ni mzee. Hilo tulilijua.

Majani kumi.

Jumatano, 20 Aprili

Nyumba imejaa wanawake. Mchele unapepetwa, hina inapondwa. Nami nachota maji, nimechota tangu asubuhi! Katikati ya kelele zote nilisikia wanachosema jikoni wakidhani sisikii.

Mama Fatuma anasema rehani isikatwe. Ina kichwa kimoja tu, na Bibi, mama yake, aliagiza kitawi cha kifuani tangu zamani, na sasa angalia anavyopumua. Feza akasema basi, miye nitaolewa bila rehani, nisukwe na maua yoyote. Alisema hivyo kwa haraka, halafu akatoka nje. Shangazi mmoja akasema mwacheni Apolline aseme, kopo ni lake. Wote wakaniangalia. Mimi! Nilikuwa na ndoo kichwani.

Nikasema nitamwuliza Masere.

Masere alisema hivi: mche mchanga ukikatwa kichwa, macho mawili yaliyo chini ya mkato huamka, hutoa matawi mawili badala ya moja. Lakini ukikatwa kabla haujapata nguvu, hufa. Nikauliza nitajuaje kama umepata nguvu. Akasema: hilo hata mimi sijui, binti yangu.

Sijawahi kumsikia Masere akisema hajui.

Alhamisi, 21 Aprili

Leo wamemsuka Feza. Mikono yake ina hina, hawezi kushika kitu, analishwa kama ndege. Alikaa kwenye mkeka karibu na kitanda cha Bibi, maana Bibi alitaka kusikia chanuo.

Nilileta kopo. Niliwaambia maneno ya Masere yote mawili, la kuamka na la kufa. Mama Fatuma akaanza: "Mama, tafazali, tuiache, kwa ajili yako..."

Bibi akasema, na kila neno lilikuwa na kikohozi chake: "Miye ningali hapa. Maiti atangoja. Bibi arusi hangoji. Kata, Apolline."

Hajawahi kuniita Apolline.

Nilikata kwa ukucha, juu ya fundo la tatu. Sauti yake ni ndogo sana, tik. Harufu ikajaa chumba kizima, kutoka kijitawi kile kidogo! Wanawake wote walivuta pumzi, hata yule shangazi. Nilifikiri: ni hii. Nyangwe walinusa hii.

Nikainama, nikakiweka chini kwenye mkeka, mahali ambapo mkono wake ungefika. Nikageuza uso.

Nilimsikia akitafuta. Nilimsikia akipata. Halafu — niligeuka kidogo, nisamehewe — nilimwona amefungua mdomo, midomo imekwisha kushika umbo la neno, nami nilijua ni neno gani. Akaufunga. Akanielekezea uso tu, na macho yake ya ukungu, muda mrefu.

Kisha yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, akakisukia katika nywele za Feza, juu ya sikio la kulia. Ilimchukua muda. Hakuna aliyemsaidia.

Alipolala tena aliuliza: "Iko na macho mangapi, chini ya mukato?"

"Mawili, Bibi."

"Yaangalie."

Ni saa kumi na moja jioni. Ngoma zimeanza uani. Nimekaa hapa hapa karibu na kitanda, kopo magotini, daftari juu ya kopo. Anapumua, pumzi inasimama, anapumua. Kila inaposimama nainua kichwa. Shina ni fupi kuliko kidole changu, lina majani manne. Jicho la kushoto nimelitazama mpaka machozi. Kuna kitu cha kijani, kama ncha ya sindano, au ni kivuli cha jani, nikisogeza kopo kwenye mwanga wa mlango nitajua. Pumzi imesimama tena, nainua kichwa.