Watu Wasiochoka wa Idara ya Dharura

Nam Dinh,
9 Novemba 2023.

Mpendwa Dada Khuyen,

Hujambo huko kwenye baridi yako ya Brno? Shemeji Khoa hajambo? Na goti lake, limepoa au bado analiburuta? Watoto je, wanaongea nanyi Kivietinamu au wameshakuwa Wacheki kabisa? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri na anagombana na jirani kama kawaida, kwa hiyo ujue afya ipo. Mimi mzima, usiwe na wasiwasi.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nikipiga simu, Mama hukaa karibu akijifanya anamenya vitunguu saumu, na kuna mambo sitaki ayasikie. Barua hii atakuletea Shangazi Tuyet pamoja na uduvi mkavu. Bahasha nitaitia gundi mara mbili, maana Shangazi namjua. Ukiikuta imefunguliwa, niambie.

Sasa nikupe habari za hospitali. Unajua kwamba tangu wenzetu watatu waache kazi, sisi tuliobaki idara ya dharura tunafanya kazi yetu na yao. Dada Luyen, muuguzi mkuu wetu, ameomba wauguzi wapya hadi sauti imemkauka. Badala ya wauguzi, mwezi uliopita tukaletewa mtafiti kutoka Hanoi, aje kupima jinsi wafanyakazi wa afya walivyochakaa kwa kazi. Kupima, Dada! Kama vile ni presha, unamfunga mtu mkono halafu unasoma namba.

Mimi nilimtilia shaka tangu mlangoni. Ni binti mdogo, anaitwa Ngan, miwani mikubwa na tabasamu kubwa zaidi. Akatazama vitanda, akasema, "Jamani, leo kumetulia hapa!" Hata wewe unajua neno hilo halitamkwi kwenye zamu yetu. Dada Luyen alifumba macho. Binti hajaketi, wakaletwa vijana waliogongana na pikipiki, damu mpaka kwenye viatu. Mwenzangu Thu akampitia na machela, akamwambia, "Ahsante sana, mdogo wangu. Kesho rudi utuletee basi zima."

Halafu hayo maswali yenyewe. Mara ngapi unaamka umechoka kabla hata ya kufika kazini? Mara ngapi unawaona wagonjwa kama vitu tu? Unachagua kuanzia "kamwe" hadi "kila siku". Jina usiandike, wakasema, hii ni siri. Lakini andika umri, idara, miaka ya kazi na idadi ya watoto. Sasa katika idara yetu, mwanamke wa miaka thelathini na saba mwenye watoto wanne ni nani kama si mimi? Wangeomba na picha basi. Tena kila aliyejaza alipewa taulo. Tangu lini hospitali yetu ikampa mtu taulo bure?

Nikawaambia wenzangu huu ni mtego, mkurugenzi anatafuta nani wa kumwondoa kabla ya mwaka mpya. Thu akanicheka. "Dada Mien, wewe hata mchele ukiwa mweupe utauliza kaufua nani." Lakini niliona kalamu yake nayo haikuwa ikiandika.

Aliyemaliza ubishi ni Dada Luyen. Si unajua mwisho wa mwaka ni mashindano ya idara, na ile bendera ya idara bora imetupita miaka miwili. Akatukusanya wakati wa kupokezana zamu, akatufundisha majibu kama tunavyofundishana kila ukija ukaguzi. Penye mabaya tuweke "kamwe", na mmoja mmoja aweke "mara chache" ili tusionekane tumenakiliana. "Mambo ya nyumbani tutayamaliza nyumbani," akasema. Tukaitikia, "Ndiyo, dada," tukajaza. Asubuhi ileile nilikuwa nimelia chooni. Nikanawa uso, nikaweka "kamwe".

Wiki iliyopita matokeo yakasomwa mkutanoni. Idara zote hoi, isipokuwa dharura. Watu wakatupigia makofi, Dada Luyen akasimama kuyapokea. Mkurugenzi akasema, "Hawa ndio watu wa kuigwa!" Kisha akatangaza kwamba wauguzi wawili wapya waliopatikana wanakwenda idara ya watoto, ambako watu walikuwa wamesema ukweli. Na kwa kuwa sisi tuna nguvu kiasi hicho, Thu ataazimwa hukohuko hadi mwaka mpya wetu wa Tet. Nilimwona Dada Luyen anaketi polepole, akishika kiti. Sikuweza hata kumkasirikia.

Sasa lile nisilotaka Mama alisikie. Juzi bibi mmoja alinishika mkono akiniuliza kama mwanawe atapona. Nikamtoa vidole kimoja kimoja, nikaendelea kuandika. Moyoni sikusikia kitu, Dada, si huruma wala hasira. Mwanawe akafa, nami nikaenda kula wali. Hilo linanitisha kuliko mkurugenzi. Iko siku mkono huu utamdunga mtu dawa isiyo yake, na Thu hayupo wa kunishika kiwiko.

Yule Ngan amerudi. Jana alinifuata kwenye kibanda cha chai nje ya geti, akavuta kigoda bila kukaribishwa.

"Dada, hospitali nzima watu wako taabani, ninyi tu hamchoki. Mnakula nini?"

"Pho, kama watu wote," nikamjibu.

Akacheka, lakini macho hakuyaondoa. Akasema bado anaweza kuipima idara yetu upya, na wauguzi wakagawanywa tena, ila kwanza apate mtu mmoja wa ndani atakayemwambia kweli. Mama yake, eti, alikuwa muuguzi. Wote huwa na mama muuguzi wakitaka kitu. Nikamwuliza simu yake iko wapi. Akaitoa, akaizima mbele yangu, akaiweka mezani. Nikaigeuza nihakikishe. Amesema Alhamisi ijayo atakuwa palepale.

Nikisema, Dada Luyen ataitwa kujieleza, na ndiye aliyenifundisha kushika sindano. Nikinyamaza, Thu harudi, na mkono wangu ndio huo nilioueleza.

Nisalimie sana Shemeji Khoa, watoto wako Duc na Hoai, na Mjomba Bang anayekusaidia kwenye saluni yako ya kucha. Mama anasema vaa soksi. Siku ya kumkumbuka Baba nitawasha udi kwa niaba yako. Wazee wetu wakuchunge huko uliko, na wateja wa kucha wasikupungukie.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda kuliko ninavyomwamini mtu yeyote,

Mien

Kabla ya kutia gundi nimeisoma barua tangu juu. Pale mwanzo nimekuandikia kwamba mimi mzima. Wewe hukunipa hata taulo, na bado nikakujazia yaleyale. Pafute. Alhamisi nitakwenda pale kibandani, na nitakalomwambia yule binti nakuambia wewe kwanza. Nimechoka, Dada. Kila siku.