Kushika Trela

Jumamosi, 7 Juni. Jeffersontown, Louisville
Leo tena mizunguko ya baiskeli kwenye maegesho ya magari hapa kwetu. Nimeanguka mara moja tu, karibu na mapipa ya taka. Watoto wa ghorofa ya chini wamecheka. Wacheke.

Katika kambi ya wakimbizi sisi wasichana hatukuendesha baiskeli. Tulipandishwa nyuma kwenye kerieri, miguu upande mmoja, kama gunia. Nina miaka kumi na sita, na ndiyo kwanza najifunza kitu ambacho watoto wa hapa Marekani hukijua kabla ya kusoma.

Baba amerudi kutoka kazini kwake ghalani akaizunguka baiskeli pale mlangoni bila kuigusa. Siku zote hufanya hivyo. Hapendi baiskeli. Ameniruhusu safari ya baiskeli ya Ufaransa kwa sharti moja: niende na Eliya. Msichana havuki bahari peke yake.

Eliya anakaa Whitehall, kule Columbus. Ni mtoto wa marehemu baba mdogo, kwa hiyo ni kaka yangu, hakuna mjadala. Insha ya kuomba nafasi niliiandika na kuifuta majira yote ya baridi. Yeye aliandika ukurasa mmoja jioni ya mwisho. Wote wawili tumechukuliwa.

Simpendi. Naandika hapa kwa sababu kwingine siwezi kusema.

Jumatano, 18 Juni. Ufaransa, kando ya mto
Tumefika. Mto mpana, wa kijani, hauna haraka. Juu yake miamba, na juu ya miamba vijiji vya mawe ambavyo nimevisoma miaka miwili kwenye vitabu vya maktaba. Vilikuwepo kabla Columbus haijawa hata shamba. Nilitaka kulia. Sikulia, maana Eliya alikuwa ananitazama.

Tuko wanane: wa Louisville, wa Columbus, wa Buffalo. Kiongozi ni Mista Neil, mwalimu wa historia wa Buffalo. Mkali kuhusu muda. Mkali zaidi kuhusu kofia ngumu.

Nilichokuja kukiona ni kimoja. Jumapili tutapanda kijiji cha mwisho, kilicho juu ya mwamba mrefu kuliko yote. Kanisani mule kuna mchoro wa ukutani wa zama za kati, watu wakifanya kazi za shamba. Mmoja ni mwanamke aliyebeba kikapu kichwani. Katika kitabu picha yake ni ndogo kama stempu. Amesimama kama Bibi. Shingo ile ile. Sijawahi kumwambia mtu. Nataka tu kusimama mbele yake.

Alhamisi, 19 Juni
Mlima. Nimeshuka, nimekokota baiskeli. Wote wakapita.

Kezia amepita akiimba. Ni Mkongo wa Buffalo, East Side, na ulimi wake ni wembe. Akanigeukia: "Bon, Mademoiselle, ni weye uko nabeba kinga, ao kinga ndjo iko nakubeba?" Kinga kwao ni baiskeli. Hata wenzetu Wamarekani walicheka, na hawakuelewa hata neno.

Nimefika wenzangu wameshamaliza kula. Eliya amesimama mbele ya watu wote: "Dadangu, mbuzi mwenye mimba angeshafika, akazaa, akanyonyesha. Kesho panda nyuma nikubebe."

Kerieri. Mbele ya watu wote. Kama gunia.

Sijawahi kuwa na jibu mbele ya watu. Majibu huja baadaye, nikiwa peke yangu, yakiwa mazuri na hayana kazi.

Ijumaa, 20 Juni
Mvua. Nimechelewa tena.

Mista Neil ameniita pembeni, kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi. Nikichelewa kesho, Jumapili nitapanda gari la mizigo. Gari hilo halipandi kijijini, njia ni nyembamba. Hukaa chini kwenye maegesho, kisha huondoka na mabegi kabla wapanda baiskeli hawajafika.

Maana yake sitamwona mwanamke wa kikapu.

Eliya alikuwa anasikiliza. Akasema tu, "Tutafanya kitu." Nani kamwomba? Namchukia. Namchukia kwa jinsi kila mtu anavyompenda. Amekaa na Kezia wanacheka kwa Viswahili viwili tofauti.

Jumamosi, 21 Juni
Naandika nikiwa na hasira, mwandiko hausomeki.

Asubuhi niliendelea vizuri. Kisha mwinuko mmoja mrefu, barabara ndogo yenye ukuta wa mawe upande mmoja. Wenzetu walishapotea mbele. Eliya alibaki nyuma yangu kama mchunga ng'ombe. Nikataka kushuka kwenye baiskeli.

Nyuma yetu likaja trekta, polepole, linavuta trela la majani makavu. Mzee aliyekuwa anaendesha hakutuangalia. Trela lilipotupita, Eliya akakanyaga pedali kwa nguvu, akashika chuma cha nyuma kwa mkono mmoja, akageuka.

"Njoo! Shika! Kwa mkono wa kushoto! Wa kulia uache kwenye breki!"

Nilijua anafanya nini. Kila Mrundi anajua. Kule milimani kwetu vijana hushusha mikungu ya ndizi mjini kwa baiskeli, na wakati wa kurudi hushika malori nyuma yakawapandisha. Polisi hukataza. Hawakomi.

Nilishika.

Mkono ulivutwa karibu ung'oke begani. Kisha magurudumu yakaanza kwenda yenyewe. Miguu yangu haikufanya lolote. Ukuta wa mawe ukarudi nyuma, mto ukashuka chini yetu, vipande vya majani vikaniingia mdomoni. Nikacheka. Nikapiga kelele kama mtoto. Eliya naye akapiga vigelegele, mwanamume mzima.

Tukawapita wote. Tukampita Kezia, mdomo wazi. Tukampita Mista Neil.

Juu kabisa tuliachia. Mista Neil alifika baadaye, uso mwekundu, midomo myeupe. Hakupaza sauti. Alisema angelazimika kuwapigia simu wazazi wetu kuwaambia tumekufa. Alichukua baiskeli zote mbili. Kesho tutakaa garini, mimi na Eliya. Leo jioni atawaandikia nyumbani.

Nilikuwa na mlima mmoja tu uliobaki. Ningechelewa labda. Labda nisingechelewa! Sasa sitajua. Nimemwambia Eliya, mbele ya wote, kwamba yeye ni mjinga, kwamba hakuna aliyemtaka hapa, kwamba aliletwa kunilinda na ameniharibia kitu pekee nilichokitaka maishani. Safari hii jibu lilikuja kwa wakati.

Alikuwa anautazama mkono wake.

Jumapili, 22 Juni
Gari liliegeshwa chini ya mwamba. Kijiji kilikuwa juu yetu, nikiuona mnara wa kanisa. Dereva akafungua gazeti. Mista Neil alikuwa amesema tusiguse baiskeli. Nikashuka, nikaanza kupanda kwa miguu. Dereva akanionyesha saa yake: niwahi kurudi. Eliya akanifuata, hatua kadhaa nyuma. Nikikimbia, anakimbia. Nikisimama, anasimama. Nilimwambia arudi. Akasema alimwahidi Baba.

Juu, vichochoro vya mawe, maua madirishani, paka. Sikuona uzuri wowote. Kanisa hili hapa. Mlango mkubwa wa mbao.

Umefungwa. Kibao kinasema hufunguliwa mchana. Wenzetu wataukuta wazi. Kezia ataingia na kutafuna pipi mbele ya mwanamke wangu.

Nilipiga mlango teke. Kisha nikakaa kwenye ngazi na kulia, sikujali nani ananitazama.

Eliya akakaa ngazi ya chini. Halafu akaongea akiangalia mto. Akasema baba yake alikufa hivyo. Mlima wa Bugarama, kule kwetu, akirudi kutoka kuuza ndizi mjini, ameshika lori.

Mimi siku zote nilijua ni ajali ya barabarani. Neno hilo moja, na mtu akilitamka, Mama anabadilisha mazungumzo.

"Wazee wa kanisani Columbus ndio walioniambia," akasema. "Nyumbani hakuna anayesema. Na kushika kwa kushoto ni wao walionifundisha, kwa mdomo, kama hadithi. Jana lile trela lilipotupita nilitaka kujua alikuwa anahisi nini."

Nikamuuliza alihisi nini.

"Alikuwa anafurahi, dada. Mpaka mwisho alikuwa anafurahi."

Sikuomba msamaha. Nilitaka, nikashindwa kuanza. Nilimpa nusu ya mkate wangu. Tulishuka tumeongozana, dereva akapiga honi.

Jumatano, 25 Juni. Jeffersontown
Nyumbani. Joto. Harufu ya maharage.

Barua pepe ya Mista Neil ilitangulia. Mama alisomewa na jirani na amenuna tangu nifike. Nilimsubiri Baba aamke; wiki hii anaingia kazini jioni. Nilikuwa nimepanga maneno.

Ametoka chumbani amevaa, viatu mkononi. Amekaa mezani. Sikumbuki mara ya mwisho aliponitazama muda mrefu hivyo.

"Ulishika kwa mkono gani?"

Nikasema wa kushoto.

"Nani alikuambia?"

"Eliya, Baba."

Akafunga kamba za kiatu kimoja. Akakaa na kingine mkononi.

"Baba yake alishika kwa kulia," akasema. "Mkono wa breki. Nilikuwa nyuma yake."

Mama akazima jiko. Baba akavaa kiatu cha pili, akachukua chakula chake, akaenda mlangoni. Baiskeli yangu ya mazoezi ipo palepale. Nilidhani ataizunguka.

Aliweka chakula chini. Akashika usukani. Akabonyeza breki ya kulia, akaachia, akabonyeza tena, akisikiliza. Kisha akaokota chakula chake, akatoka.