Tafsiri Niliyomdanganyia Mama

Magomeni, Kilosa

Mama mdogo Hildegarda, shikamoo.

Hili sijamwambia mtu. Pasaka nilipokuja kwako Mikumi, nilimwona baba sokoni. Alikuwa na mtoto mdogo anayemwita baba, wakati sisi huku tunajua yuko Ruaha kwenye mashamba ya miwa.

Juzi mwalimu wa Kiingereza alitupa kazi ya kuunganisha sentensi kwa maneno kama "and" na "but". Nikaandika yote: baba anasema yuko Ruaha, lakini anaishi Mikumi, tena ana mtoto. Niliona ni siri, maana mama Kiingereza hakijui.

Ila unamjua dada yako, kila jioni lazima nimsomee daftari na kumtafsiria. Nikamwambia, "Baba anakata miwa na anatukumbuka." Akacheka, "Kumbe huyo naye anakumbuka!" Halafu akamtengea baba wali, eti huenda akatokea.

Leo amemtengea tena. Nimeshindwa kula.

Nasikia kandambili za mama zinakuja mlangoni. Daftari la Kiingereza liko wazi mezani na silifuniki. Akiuliza nimeandika nini, nitamtafsiria yote kama yalivyo.

Ni mimi mwanao,
Tumwagile