Vidole Vitatu Nyuma ya Shingo

Manundu, Korogwe
9 Juni 2024

Dada Fausta,

Shikamoo. Najua utatazama mwandiko kwanza, kisha utaiweka barua chini ukachemshe chai. Huku tu wazima, ukiacha goti langu la kushoto, linalojua mvua kuliko redio. Masikio yako je? Ningepiga simu, lakini Munira, huyu anayenunua mahindi huko Kwamsisi, ananiambia simu ukipewa unaishika kama mtu anayenusa ugoro, halafu unamrudishia mwenyewe.

Ni miaka ishirini na sita hatujazungumza. Sitazunguka. Mjukuu wangu Kudra, binti wa Gerald, anaolewa Jumamosi tarehe 31 Agosti. Anataka kuvaa ule ukosi wa shanga wa mama, ule mpana wa mistari kumi na moja, ambao mama aliuacha haujakwisha. Ninao mimi. Umekaa ndani ya kopo la maziwa ya unga tangu tulipomzika.

Nimejaribu kuumalizia. Ncha za nyuzi zilikuwa zimekauka na kukatika, basi nikatafuta katani, nikaisokota pajani kama mama alivyotufundisha kambini Magoma, nikaipaka nta ya nyuki, nikaiunga. Nikiunga asubuhi, jioni kila kiungo kimefunguka. Nimerudia mara nne. Nta nimebadilisha. Nailoni sitaki, kingo za shanga huikata. Kudra ananiambia, "Bibi, nenda sokoni ukanunue wa plastiki, nani atajua?" Nikamwambia shingo yako itajua.

Humu ndani nimeweka kipande cha uzi wa mama na kipande cha uzi wangu. Niambie nakosea wapi. Mengine tuyaache yalale.

Mdogo wako,
Emiliana


Kwamsisi, Handeni
1 Julai 2024

Mdogo wangu Emiliana,

Marahaba. Chai niliichemsha, ikapoa, na barua yako ikakaa juu ya kabati siku kumi na tisa. Afya yangu ni ya mwanamke wa miaka sabini na minane. Masikio ni mazito, macho bado ni mazuri. Vitabu vilivyobaki vya darasa la elimu ya watu wazima navisoma kwa mara ya tano, na panya wamenitangulia katika kurasa kadhaa. Pole kwa goti.

Vipande vyako nimevipeleka mlangoni penye mwanga. Uzi wa mama umezunguka upande mmoja, wako umezunguka upande wa pili. Mama alitumia mkono wa kushoto, alisokotea paja la kushoto, kama mimi. Umesahau baba alivyokuwa akinichapa kwa kula na mkono huo, nawe unacheka hadi unapaliwa? Uzi wa kushoto ukiungwa na wa kulia, kila mmoja humlegeza mwenzake. Hukukosea popote. Una mkono wa baba tu.

Kuhusu mengine kulala: kwangu hayajalala. Mvua za mwaka 1998 zilichukua daraja. Basi letu lilikwama siku mbili, nikashuka nikatembea, nikafika Magoma kaburi la mama limeshafunikwa. Ulinipa ugali. Neno hukunipa. Mimi nilizaliwa katika chumba cha kambi ya mkonge, kwa baba aliyetoka Songea na ambaye hata siku moja hakuacha kusema "kwetu". Nimeishi Kwamsisi miaka hamsini na miwili, nimezika mume hapa, na bado nikipita nasikia, "Yule bibi wa kuja." Palikuwa mahali pamoja tu nilipotegemea nisiwe wa kuja, nawe ulipafunika bila kunisubiri.

Nitumie huo ukosi. Mtoto hana kosa.

Dada yako,
Fausta


Manundu
5 Julai 2024

Dada,

Shikamoo, na pole kwa macho kusoma mwandiko wangu wa haraka. Munira anaondoka sasa hivi, amesimama mlangoni anagongagonga ufunguo. Ukosi nimeukunja ndani ya kanga, usiufungue penye upepo, kuna shanga zilizolegea.

Hayo ya kaburi nitayajibu, lakini si Munira akiwa amenisimamia.

Nasema ukweli, naogopa. Naogopa ukiushika hutaurudisha. Ukiuzuia sitakuwa na la kukujibu, na mtoto atasimama siku yake shingo tupu. Nautuma hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Emiliana


Manundu
29 Julai 2024

Dada Fausta,

Shikamoo. Natumaini kimya chako si ugonjwa. Goti limetulia, roho ndiyo haijatulia.

Wiki tatu zimepita. Munira anaapa kwamba alikukabidhi mkononi. Nikamuuliza, hata asante hakusema? Akanijibu, "Bibi Emiliana, mimi nimeleta mahindi. Majibu sikuuziwa." Kisha akaongeza kwamba sisi wawili tumenuniana hadi shanga zenyewe zimechoka.

Jana nimemkuta Kudra dukani anajaribisha mikufu ya plastiki. Aliponiona akairudisha haraka, akasema anaangalia tu. Zimebaki siku thelathini na tatu. Kama hutaki kuumalizia, niambie hutaki. Nitaumia, lakini nitajua.

Mdogo wako,
Emiliana


Kwamsisi
6 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Pokea marahaba mbili, ya barua ile na hii. Sikuumwa. Nilikuwa natazama.

Nilipoufungua ukosi sikuanza kazi siku ile, wala iliyofuata. Niliunusa. Bado una harufu ya nta na moshi wa jiko la mama. Halafu nikachukua rula ya shule nikapima, maana ulisema aliuacha haujakwisha, na mimi niliamini hivyo hivyo kwamba nguvu zilimwishia. Sasa sikiliza. Mtu aliyeishiwa nguvu huachia katikati ya mstari. Mistari hii kumi na moja yote inakoma mahali pamoja, imenyooka kama imekatwa kwa wembe, na kila mmoja umefungwa lile fundo jepesi alilokuwa akilifungua kwa meno. Pengo lililobaki nyuma ni vidole vitatu. Nimepima vyangu, ni vitatu kamili.

Unakumbuka wanawake wa kambi walivyokuwa wakija kwake? Alishona kila kitu, akabakiza vidole vitatu, akasema, "Nenda, rudi uketi hapa." Hakufunga kitu cha shingo kabla mwenye shingo hajaketi mbele yake kwenye kile kigoda. Hata mke wa msimamizi alikuja mwenyewe akaketi.

Kwa hiyo Emiliana, ukosi huu ulikuwa umekwisha. Ulikuwa unamsubiri mtu. Siyo wewe, wewe alikuvalisha wako mwaka ule ulioolewa kanisani, nao nimesikia ulizama mtoni na begi lako. Ndiyo maana nakuuliza, na uniandikie ukweli bila kuupunguza: ulikuwa wa nani, na mama alisema nini?

Nyuzi nimekwisha kuziunga. Zimeshika.

Dada yako,
Fausta


Manundu
12 Agosti 2024

Dada yangu Fausta,

Shikamoo. Salamu za afya nitaziacha, maana tangu nilipoipata barua yako sijala vizuri, na nikikwambia mimi ni mzima nitakuwa naanza kwa uongo.

Ulikuwa wako.

Uliondoka nyumbani bila kanisa na bila ngoma, kwa sababu baba alikataa Mwislamu. Mama alinyamaza, nasi tukadhani amekubaliana na baba. Baba alipofariki ndipo alipoanza kukusanya shanga, chache chache, miaka mingi. Alikuwa akinificha hata mimi. Wiki ile ya mwisho alinishika mkono akasema, "Asiufunge mtu mpaka Fausta aketi hapa." Nilimsikia vizuri sana. Mimi nilikuwa nimemuuguza miezi saba, nimemgeuza, nimemwosha, na alilokuwa nalo mdomoni ni Fausta. Nikadhani anasema kazi yangu haitoshi, kwamba hata kumalizia ukosi anautaka mkono wako.

Kaburi halikunisumbua, umeme wa chumba cha maiti hospitalini ulikuwa umekatika na tulilazimika kuzika. Lakini uliponiuliza pale, ukiwa umelowa hadi kiunoni, kama mama aliacha neno lolote, nilisema hapana. Hilo ndilo nililokunyima, na nikakupa ugali badala yake.

Ukosi ni wako. Usiurudishe. Kudra nitamweleza mwenyewe. Nimemwambia kidogo tayari, akasema, "Bibi, basi mwite tu aje, mimi nitavaa hata kitenge." Nami sikujua nikuite kwa uso gani.

Mdogo wako,
Emiliana


Kwamsisi
30 Agosti 2024

Emiliana,

Hii hainuki petroli ya Munira kwa sababu hajaibeba yeye. Nimeibeba mimi. Nimeiandika leo alfajiri kabla ya kupanda gari, maana najua nikifika mlangoni kwako nitakuwa sisikii vizuri unachosema, na wewe utakuwa unasema haraka. Basi kaa chini uisome mimi nikivua viatu. Mimi ni mzima. Nimechoka na safari, ni hilo tu.

Barua yako nilikasirika nayo siku nne. Siku ya tano nilifikiria miezi saba. Mimi sikumgeuza mama hata mara moja. Hilo nalo halikuandikwa katika barua zangu zote, na nilijiona mtu wa kuandika mambo yote.

Kanga yako iko kwenye mkoba wa rangi ya kahawia. Ukosi umo ndani. Mistari kumi na moja imefika mwisho na nyuzi zina urefu wa kutosha. Vidole vitatu sikuvigusa.

Tutafanya hivi. Nitaketi chini, kwenye kigoda kama bado unacho, kama huna hata ndoo iliyogeuzwa. Wewe utasimama nyuma yangu, utaufunga shingoni mwangu kwa fundo jepesi, lile la mama. Ni mkono wa kulia, najua. Kuunga uzi kunauliza mkono gani ulisokota, fundo haliulizi. Nitakaa nao kidogo. Usinihesabie dakika.

Halafu utaufungua, kwa meno kama yamebaki, umwite Kudra aketi nilipoketi mimi. Kwake nitaufunga mimi, fundo la kudumu. Shingo yake siijui, huenda ni nene kuliko yangu, kwa hiyo nimekuja na shanga chache za ziada na sindano, tusije tukakosa.

Ukimaliza kusoma usiseme kitu kwanza. Niletee maji ya kunawa.

Dada yako,
Fausta